Naomba ushauri: baba wa John wa Virginia, aliyezaliwa 1750, alikuwa nani?

Mkwe wa Virginia:
Wanajamvi, nawasalimu nyote. Mimi ni Mtanzania niliyeolewa Marekani katika ukoo ambao umeishi Virginia tangu enzi za ukoloni wa Mwingereza, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye subira ya kusoma miandiko ya kale, mama mkwe amenikabidhi kazi ya kukamilisha kitabu cha nasaba ya ukoo wao. Nimekwama kwa mtu mmoja, ambaye nitamtaja kwa jina la John tu, maana jina la ukoo ni la watu walio hai. Tunamkuta katika orodha ya kodi ya mali ya kaunti ya Buckingham mwaka 1782, akiwa na farasi mmoja na ng'ombe watatu, na kuanzia hapo hadi kwa mama mkwe hati zimeshikana vizuri. Nyuma yake ni giza. Biblia ya ukoo inasema alizaliwa Oktoba 1750, bila kutaja wazazi, na jengo la mahakama ya Buckingham liliungua mwaka 1869 pamoja na karibu kumbukumbu zake zote.

Huko Goochland, ukiteremka mto James, alikuwako mwenye shamba la tumbaku mwenye jina hilohilo la ukoo, ambaye nasaba yake inafika kwa mtu aliyemiliki ardhi Jamestown kabla ya mwaka 1700. Mama mkwe anataka kujiunga na Jamestowne Society, inayopokea wazao wa watu wa namna hiyo, na kitabu cha ukoo kinatakiwa kiwe tayari kabla ya mkutano wa familia wa kiangazi. Ninachouliza ni hiki: ikiwa cheti cha ubatizo hakipo, ni ushahidi gani unaotosha kumwandika mwenye shamba huyo kuwa baba wa John?

Msafiri wa Muscat:
Dada, kumtafuta John katika Virginia ya karne ya 18 ni sawa na kusimama Kariakoo ukaita "Juma!" Watageuka mia, na kila mmoja atakuuliza unamdai nini au anakudai nini. Nakuombea subira.

Karani Mstaafu:
Nimefanya kazi ya kumbukumbu kwa muda mrefu, kwa hiyo nitauliza kabla ya kujibu. Hiyo Biblia ilichapwa mwaka gani, na maandishi yake ni ya mkono mmoja au ya mikono mingi? Wosia wa mwenye shamba upo, na unamtaja John? Kumbuka pia kwamba hadi mwaka 1785 sheria ya Virginia ilimpa mwana wa kwanza ardhi yote ya baba aliyekufa bila wosia, kwa hiyo kijana aliyeuza shamba ambalo hakuna hati ya yeye kulinunua, mara nyingi alilirithi. Je, John aliwahi kuuza ardhi ya namna hiyo?

Tena, hiyo 1782 isikudanganye. Ndio mwaka ambao orodha hizo za kodi ya mali zilianza, na za Buckingham tunazo kwa sababu nakala zilipelekwa Richmond, mji mkuu wa jimbo, kabla ya moto. Kila mtu wa Buckingham "anaibuka" mwaka huo. Umesema nyuma yake ni giza, lakini hukusema umemulika wapi.

Bint Pangani:
Mimi nitasema jambo moja kuhusu wakwe. Marehemu babu yangu aliweka sandukuni karatasi ya nasaba iliyomfikisha Shiraz, kizazi kwa kizazi, na tulipokuwa wadogo tulilazimishwa kuikariri. Bibi, mama yake, hakuwamo katika karatasi ile. Alipofariki, mzee mmoja wa mtaa ndiye aliyetueleza kwamba bibi aliletwa pwani akiwa mtoto, amenunuliwa, na kwamba jina tulilomjua alipewa na mabwana zake. Nusu ya ukoo iliacha kumsalimu mzee yule. Kwa hiyo, mwanangu, kazi ya kumwandikia mkwe nasaba yake ni kazi ya kupata maadui pande zote mbili. Ungemwambia mume wako aifanye mwenyewe.

Mkwe wa Virginia:
Ahsanteni. Biblia ilichapwa 1838, na majina yote ya kizazi cha John yameandikwa kwa wino mmoja na mkono mmoja. Wosia wa mwenye shamba upo Goochland na unataja wana wanne wa kiume, John hayumo. Hata hivyo, wapo wengi ambao hawakutajwa katika wosia kwa kuwa walikwisha kupewa fungu lao mapema. Hakuna ardhi aliyoirithi.

Shangazi Bint Pangani, mume wangu hana habari na mambo haya. Yeye husema wafu wapumzike.

Karani Mstaafu:
Basi Biblia yako iliandikwa karibu miaka 90 baada ya tukio, na mtu aliyekuwa akikumbuka alichoambiwa. Haitupwi, lakini haisimami peke yake. Hoja ya fungu la mapema inahitaji hati ya kugawiwa hilo fungu, nawe hujaitaja.

Nauliza lililobaki. Moto wa Buckingham haukuigusa Goochland, na vitabu vya amri za mahakama ya Goochland vya miaka hiyo vimesalia. Siku hizi hata programu ya FamilySearch, tovuti ya kutafutia nasaba, inasoma miandiko ya hati za ardhi na mirathi na kuzitafuta kwa neno. Je, umevipitia vitabu hivyo vya amri?

Mkwe wa Virginia:
Nimevipitia.

Karani Mstaafu:
Na?

Mkwe wa Virginia:
Sikutaka kulianza na hili kwa sababu nilijua mazungumzo yatahama. Ipo amri ya mahakama ya Februari 1750, mistari minne tu, karani amebana maandishi pembeni ya ukurasa. Inaagiza wazee wa kanisa wa parokia ya St. James Northam wamtie utumishini John, mtoto chotara wa mwanamke aitwaye Mary, mwenye jina lilelile la ukoo, "kwa mujibu wa sheria". Chini yake, mwenye shamba yuleyule amejiandikisha kuwa mdhamini wa Mary kwa faini.

Kwa hiyo sikuokota jina barabarani. Katika kesi za watoto waliozaliwa nje ya ndoa, mwanamume aliyesimama na kutoa dhamana mara nyingi ndiye aliyekuwa baba. Katika kitabu nimeandika "inaaminika kuwa mwana wa", wala sikuandika "mwana wa", na ukurasa huo umekwisha kwenda kwa mpiga chapa. Neno "inaaminika" si uongo. Mama mkwe anaamini.

Msafiri wa Muscat:
Hapo kwenye "mama mkwe anaamini" nimeweka kikombe chini ili nisimwage kahawa. Dada yangu, wewe ni wakili.

Nesi wa Minnesota:
Mimi ni muuguzi, si mwanahistoria, lakini jambo hili lina kipimo. Kromosomu Y hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume bila kuchanganyika na ya mama, kwa hiyo mwanamume aliyetoka kwa John kwa upande wa kiume pekee, ndiye anayebeba Y ya baba wa John. Wazao wa kiume wa mwenye shamba nao wanaweza kupimwa, kisha zikalinganishwa. Vipimo vya kawaida vya mate vinavyotafuta ndugu wa pande zote havifai sana kwa mbali hivyo, maana baada ya vizazi saba au vinane kinachobaki cha mtu mmoja ni kidogo mno. Mama mkwe ana kaka?

Mkwe wa Virginia:
Anaye. Alipima.

Kundi lake ni E-M2. Wanaume wa ukoo wa mwenye shamba waliopima kwa ajili ya mradi wa kulinganisha vinasaba vya wenye jina hilo wako katika R1b, kundi lililoenea Ulaya Magharibi. Mjomba alisema maabara ilichanganya mate yake na ya mtu mwingine, na suala hilo likafungwa mezani palepale, siku ya sikukuu, mbele ya watoto.

Sasa mnielewe. Kundi E-M2 ndilo lililoenea Afrika Magharibi na miongoni mwetu tusemao lugha za Kibantu. Kaka yangu wa Morogoro akipima huenda akatoka humo humo. Mimi ndiye Mwafrika pekee katika ukoo huu. Nikiweka mezani karatasi inayosema baba wa John alikuwa mtu mweusi, watasema nimekwenda kuutafuta weusi wangu katika nyumba yao. Ndiyo maana nimeuliza kuhusu mwenye shamba.

Shaka Halina Dawa:
Nimesoma uzi wote na sasa naomba niseme: hadithi hii imetungwa. Tumeambiwa Biblia inasema John alizaliwa Oktoba 1750. Kisha tumeambiwa mahakama ilimkabidhi kwa wazee wa kanisa Februari 1750. Mtoto anatiwa utumishini miezi minane kabla ya kuzaliwa? Halafu kila swali likiulizwa, jibu linatoka mfukoni likiwa limekwisha kupigwa pasi: amri, mdhamini, kipimo, mjomba mwenye kuudhika. Kulikuwa na mtu aitwaye Gustave Anjou, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliwauzia Wamarekani matajiri nasaba za kughushi, akichanganya wosia za kweli na watu wasiokuwapo. Hakukosa wateja. Naona na sisi tumepata wetu.

Bint Pangani:
Anayeghushi nasaba hujipandisha, mwanangu. Babu yangu hakughushi mtumwa.

Karani Mstaafu:
Ndugu Shaka, umefanya vizuri kuhesabu miezi, ila umehesabu kwa kalenda yetu. Kabla ya mwaka 1752, mwaka wa kisheria katika Uingereza na makoloni yake ulianza tarehe 25 Machi. Februari 1750 ya karani wa Goochland ilikuja baada ya Oktoba 1750. Sisi tungeiita Februari 1751. Mtoto alikuwa na umri wa miezi minne hivi. Mfumo huo ulifutwa mwaka 1752, ambapo pia siku 11 ziliondolewa mwezi Septemba, tarehe 2 ikafuatwa na tarehe 14. Tarehe iliyokutia shaka ndiyo inayonifanya mimi niiamini zaidi Biblia ile, kwa kuwa mwandishi wa 1838 hakuwa na sababu ya kuioanisha na kitabu cha mahakama.

Shaka Halina Dawa:
Nakubali kalenda. Lakini mtunzi hodari naye angeijua kalenda. Weka picha ya ukurasa, ufunike jina.

Nesi wa Minnesota:
Nimesoma mahali kwamba watoto wa aina hiyo walitumikishwa hadi umri wa miaka 31. Ukijumlisha 1750 na 31 unapata 1781, na mwaka unaofuata John anaonekana akilipa kodi kwa jina lake. Nimesisimka!

Karani Mstaafu:
Umri huo ni sahihi. Sheria ya 1691 iliweka miaka 30, ya 1705 ikaongeza hadi 31, na mwaka 1765 ukashushwa hadi 21 kwa wavulana na 18 kwa wasichana. Lakini nimekwisha kusema kwamba orodha zinaanza 1782, kwa hiyo hesabu hiyo inapendeza bila kuthibitisha lolote.

Kilicho na uzito zaidi ni faini. Sheria hizo zilimhusu mwanamke mzungu huru aliyezaa na mtu mweusi au chotara. Alitozwa pauni 15 azilipe kwa wazee wa kanisa, na asipoweza, aliuzwa utumishi wa miaka mitano. Kama faini aliyodhaminiwa Mary ni ya pauni 15, mahakama yenyewe ilikwisha kuamua kwamba baba si mzungu, na hivyo mwenye shamba hakuwa akidhamini mtoto wake mwenyewe. Dada, ni kiasi gani kimeandikwa?

Mkwe wa Virginia:
Pauni 15.

Karani Mstaafu:
Basi mwenye shamba ametoka katika nafasi ya baba kwa njia mbili zisizotegemeana, karatasi na damu, na "inaaminika" yako haina tena pa kuegemea. Lakini usiondoke Goochland. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alichukua jina la mama yake. Mary alikuwa na jina la mwenye shamba, naye akasimama kumdhamini kwa fedha ambayo haikuwa ndogo. Anaweza kuwa baba yake, kaka yake, au ami yake. Ikiwa ni baba yake, mama mkwe anafika Jamestown kupitia Mary, kwa njia halali zaidi kuliko hiyo uliyoipeleka kwa mpiga chapa. Wosia ule unataja mabinti?

Mkwe wa Virginia:
Unawataja. Nilinakili majina ya wana wa kiume pekee, kwa kuwa ndio tuliokuwa tukiwatafuta.

Na hata kama Mary yumo, je, nitamwambiaje mama mkwe kwamba mlango wa Jamestown upo, lakini anayeufungua ni mwanamke aliyetozwa faini kwa kuzaa na mtu mweusi? Naona bora neno libaki, ila nilihamishe: "inaaminika kuwa mjukuu wa".

Bint Pangani:
Mpeleke chai kwanza. Halafu mpe karatasi asome mwenyewe, usimsomee.

Karani Mstaafu:
Hata "mjukuu wa" isubiri. Rudi kwenye wosia, unakili kila jina, pamoja na mashahidi na wasimamizi wa mirathi. Kisha ufuatilie hesabu za wazee wa kanisa uone pauni 15 zililipwa na nani hasa, kwa sababu kudhamini na kulipa ni mambo mawili. Mwisho, tafuta John alikabidhiwa kwa bwana gani, maana mtumishi kijana alihesabiwa chini ya jina la bwana wake katika orodha za kodi ya kichwa kuanzia umri wa miaka 16, na ikiwa bwana huyo alihamia Buckingham, utajua pia John alifikaje huko. Na mpigie simu mpiga chapa leo, kabla ya hayo yote.

Shaka Halina Dawa:
Na picha.