Ukoo wa Isevya: Gumzo la Jumanne Usiku

Dada Tatu, saa 1:40: Asalaam aleikum, ndugu zangu. Jana ujumbe wangu ulisomwa na watu 19, akajibu mmoja, kwa hiyo leo naomba majibu. Mimba ya pili ya Mwajuma imetoka ikiwa na wiki 9, na daktari amemshauri asishike nyingine kabla hajapimwa maambukizi ya bakteria. Tunahitaji mchango, na tunahitaji mumewe Ramadhani aende naye.

Shemeji Issa, saa 1:52: Wanyamwezi mchange asali, sisi wa Ujiji tutaleta migebuka.

Dada Tatu, saa 1:53: Shemeji, maabara haipokei migebuka.

Baba mdogo Hamisi, saa 2:15: Mimi nilidhani mimba changa huharibika kwa kubeba ndoo. Hao bakteria wanafikaje huko?

Mwanaidi, saa 2:31: Baba mdogo, shikamoo, ndoo tuiache. Wengine hupanda kutoka ukeni kupitia shingo ya kizazi, na wengine husafiri ndani ya damu, kama vile brusela ya maziwa mabichi au kaswende, ambayo mtu anaweza kukaa nayo muda mrefu bila kuumwa chochote. Mwili unapopigana nao, utando wa ndani wa mji wa mimba huvimba, kinga iliyopaswa kukivumilia kiumbe huwa kali, na kemikali zinazomwagwa katika mapambano hayo zinaweza kuufanya mji wa mimba ubane na kuisukuma mimba nje. Hata hivyo nisiwadanganye, kwa sababu karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema husababishwa na hitilafu za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, na hapo hakuna wa kulaumiwa.

Shangazi Mkubwa, saa 2:48: Maziwa hayo tumeyanywa tangu enzi za baba yetu. Wengine wana mkosi tu, tusiwasingizie ng'ombe, hasa wale wa Urambo waliouzwa bila mimi kuambiwa.

Baba mdogo Hamisi, saa 2:50: Dada, unayemlilia ndiye yule jike aliyetupa ndama mara mbili, na Mwajuma ndiye aliyekuwa akimkamua.

Mwanaidi, saa 2:51: Hilo daktari ameambiwa?

Kijukuu, saa 3:20: Bibi amenituma niandike hivi: "Mimba zangu mbili za mwanzo zilitoka, nikaitwa mkosi, na wazee wakataka nirudishwe kwetu Sikonge. Mume wangu hakupimwa na mtu. Nisisikie tena neno hilo juu ya Mwajuma, na maziwa yachemshwe."

Shangazi Mkubwa, saa 3:24: *Ujumbe huu umefutwa.*

Dada Tatu, saa 3:40: Tumekusikia, Bibi. Ramadhani, ni Alhamisi saa 2 asubuhi. Kaswende hupimwa wote wawili, kwani akitibiwa mmoja, mwenzake humwambukiza upya.

Ramadhani, saa 5:05: Samahani, nilikuwa njiani. Alhamisi nina mnada Nzega. Je, hicho kipimo kinauma?

Shemeji Issa, saa 5:06: Kipimo ni tone la damu tu, shemeji. Omba usiambiwe uchomwe ile sindano ya penisilini, maana utakaa upande mmoja kama dau lililojaa maji.

Dada Tatu, saa 5:09: Basi iwe Ijumaa asubuhi.

Mwajuma, saa 5:47: Nimesoma yote. Habari ya yule ng'ombe nitamweleza daktari mwenyewe. Ijumaa nitakwenda, awepo asiwepo.

Dada Tatu, saa 5:50: Mchango umefika shilingi 35,000 kutoka kwa watu watatu. Ramadhani, hujajibu kuhusu Ijumaa.