Ripoti ya JSS (sekondari ya chini, Gredi ya 7 hadi 9): asilimia na namba, viwango vinane, au maelezo ya mwalimu? Tulinganishe kabla ya Jumamosi

MamaNeema_Voi (Jumatatu, saa 3:40 usiku)

Hamjambo wanajamvi. Shule ya binti yangu, Gredi ya 7, imetuma barua ya kurasa mbili. Maabara imefika kwenye lenta na pesa zimeisha. Uji wa saa nne utaendelea iwapo kila mzazi ataleta kilo mbili za mahindi. Timu ya voliboli ya wasichana imefuzu kwenda ngazi ya kaunti, hongera kwao. Hayo yote nimeyaelewa. Kilichoninyima usingizi ni aya ya mwisho: Jumamosi wazazi tunapiga kura kuhusu jinsi ripoti ya mwisho wa muhula itakavyoandikwa. Tumepewa njia tatu:

A. Asilimia kwa kila somo, jumla, na namba ya mtoto darasani, kama zamani.
B. Viwango vinane, kuanzia EE1 hadi BE2, pamoja na pointi (EE ni kuzidisha matarajio, ME kufikia, AE kukaribia, BE mbali nayo). Hakuna namba.
C. Viwango vinne tu (kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, mbali na matarajio) na sentensi tatu za mwalimu kwa kila somo.

Mimi ni wa 8-4-4, mfumo wa zamani. KCPE, mtihani wa darasa la nane, nilipata 312 kwa 500 na siku hiyohiyo kijiji kizima kilijua nimesimama wapi. Neema ana ME1 ya Hisabati mihula miwili mfululizo na mpaka leo sijui nimchinjie kuku au nimtafutie mwalimu wa ziada. Mliopitia haya, nielezeni.

Kaptula_ya_Kaki (Jumatatu, saa 4:05 usiku)

A. Mtoto akiambiwa ni wa 38 kati ya 41 anajua kazi iko. Hizi herufi mbili mbili ni za kuwafurahisha wazazi. Mwanangu aliniletea AE nikadhani ni A.

Mwl_Hesabu_Makueni (Jumatatu, saa 4:31 usiku)

@Kaptula_ya_Kaki mzee wangu, si wewe peke yako uliyedhani hivyo, nina wazazi watatu darasani kwangu wamefanya sherehe ya AE.

Mama Neema, nafundisha JSS tangu Gredi ya 7 ya kwanza ilipoanza Januari 2023. Wacha nikuwekee ngazi zinazotumiwa na KNEC, baraza la mitihani, kwenye KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, maana shule nyingi zimezichukua zilivyo:

EE1: 90 hadi 100 (pointi 8)
EE2: 75 hadi 89 (7)
ME1: 58 hadi 74 (6)
ME2: 41 hadi 57 (5)
AE1: 31 hadi 40 (4)
AE2: 21 hadi 30 (3)
BE1: 11 hadi 20 (2)
BE2: 1 hadi 10 (1)

Masomo ni tisa, kwa hiyo pointi haziwezi kupita 72. Neema mwenye ME1 anaweza kuwa na 58 au 74. Huyo wa 58 alitelezea mlangoni akaingia, wa 74 alikosa EE kwa alama moja, na ripoti zao haziwezi kutofautishwa. Kuku wako asubiri kwanza.

Na kuna jambo wazazi wengi hawajalipigia hesabu. Chukua mtoto aliyepata 74 katika masomo yote tisa. Jumla yake ni 666, pointi 54. Mwenzake kapata 75 katika masomo matano na 41 katika manne. Jumla 539, pointi 55. Aliyezidiwa kwa alama 127 ndiye aliye mbele.

Shangazi_Mtwapa (Jumatatu, saa 4:44 usiku)

Haiwezekani. Nachukua kikokotoo.

Shangazi_Mtwapa (Jumatatu, saa 4:52 usiku)

Nimepiga mara mbili. Yarabi.

Otieno_wa_Ahero (Jumanne, saa 12:20 asubuhi)

Mwalimu, hesabu yako ni sahihi ila ni ya kutisha watu bure. Nani amewahi kuona mtoto wa 74 mara tisa? Halafu asilimia yenyewe imetukuzwa kupita kiasi. Mwalimu wa insha akisahihisha asubuhi anatoa 16 kwa 20, akisahihisha usiku stima zimepotea anatoa 13. Leo tunalia kwamba 74 na 75 vimetenganishwa, kana kwamba mkono wa mwalimu ni mizani ya duka la dhahabu. Kiwango kipana angalau kinakiri kwamba hatujui kwa undani huo.

Mwl_Hesabu_Makueni (Jumanne, saa 1:02 asubuhi)

Hapo umenipata. Nimechukua mfano wa ukingoni ili mpaka uonekane. Ila mpaka wenyewe upo, nauona kila muhula: mtoto yuko 74 na mzazi wake yuko kwenye simu. Hakuna mzazi aliyewahi kunipigia akiomba 66 iwe 67.

Na kuhusu insha ni kweli kabisa. Usiwaambie wenzangu wa Kiswahili nimekubali.

Baba_Gredi10 (Jumanne, saa 6:48 mchana)

Mimi nina kijana aliyefanya KJSEA ya kwanza kabisa, ile ya 2025. Niwaambie kilichonishtua ni nini: si mtihani. Matokeo yalijengwa kwa vipande vitatu, KPSEA (mtihani wa Gredi ya 6) asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na mtihani wenyewe 60. Yaani ile kazi ya Gredi ya 7 ambayo sisi tulikuwa tukisema “aa, bado mdogo” ilishaingia kwenye hesabu. Na KPSEA, tulivyoambiwa kwamba haimzuii mtoto kuendelea Gredi ya 7, tuliifanyia mzaha. Kumbe haizuii, inakungoja mbele.

Ushauri wangu: kura yoyote mtakayopiga, ulizeni ripoti hiyo inahusiana vipi na zile alama mwalimu anazopeleka KNEC. Kwetu ripoti ilikuwa na asilimia tamu sana za mtihani wa kununuliwa dukani, na tathmini za KNEC zilikuwa kitu kingine kabisa. Nilikuwa nasoma karatasi isiyo na maana miaka miwili.

Jambo la pili. Kwenda Gredi ya 10 hawakuangalia jumla peke yake. Kuna njia tatu, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi za jamii, na sanaa na michezo, na kila njia ina masomo inayoyatazama zaidi. Kijana wangu jumla yake ilikuwa ya kawaida tu lakini Sayansi na Hisabati zilimbeba. Namba darasani haingeniambia hilo. Ingenionyesha tu kwamba yuko nyuma ya binti wa jirani, ambaye anampita kwenye Kilimo na Dini.

Mtanga_Halisi (Jumanne, saa 2:15 usiku)

Shikamooni wakubwa. Nachungulia kutoka ng'ambo ya mpaka, Tanga. Nyie Wakenya mnanichekesha, pointi nyingi ndiyo furaha! Huku pointi chache ndiyo sherehe. Kidato cha Pili wanachukua masomo saba bora, A ni pointi 1, F ni 5, kwa hiyo mwenye pointi 7 ndiye tunampigia vigelegele. Divisheni wani inaanzia 7 mpaka 17, na ukifika 34 au 35 ni ziro, unajificha chooni mkeka wa matokeo ukitoka.

Kuhusu kubadilisha badilisha, sisi tumeshapita. Matokeo ya Kidato cha Nne ya 2014 yalitolewa kwa GPA (wastani wa pointi) badala ya madivisheni. Watu hawakuelewa, mzazi anaambiwa mtoto ana 2.4 anauliza “kati ya ngapi?” Mwaka 2016 madivisheni yakarudishwa. Halafu Januari 2023 NECTA, baraza letu la mitihani, ikaacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora kitaifa. Mnajua kilichofuata? Matokeo ya kila shule bado yako wazi mtandaoni, kwa hiyo watu wakaanza kujipangia wenyewe, kila mtu na orodha yake. Hiyo namba mnayotaka kuifuta kwenye ripoti, watoto watajipanga wenyewe kabla kengele ya kwenda nyumbani haijalia.

Lakini sisemi mchague A. C yetu ni 45 hadi 64, na mimi niliishi humo miaka minne. Hakuna aliyejua kama nilikuwa napanda au nashuka, hata mimi mwenyewe.

Dada_wa_Minneapolis (Jumatano, saa 7:30 usiku)

Naandika usiku wenu, samahani. Nina mtoto wa miaka 13 huku Marekani, na shule yake ilibadilisha mtindo akiwa darasa la sita. Kabla ya hapo kulikuwa na herufi A, B, C. Wakaleta namba 1 hadi 4 kwa kila ujuzi, si kwa kila somo. Kwa Hisabati peke yake alikuwa na mistari sita: sehemu (nusu, robo na nyinginezo), uwiano, milinganyo, na kadhalika. Kazi ya nyumbani haikuhesabiwa kwenye alama. Kuchelewa na utovu wa nidhamu viliandikwa pembeni. Ukifeli jaribio unaruhusiwa kulirudia.

Uzuri wake niliuona kwenye uwiano. Alikuwa na 4 kila mahali na 2 kwenye uwiano, nikajua pa kushika, tukakaa mezani na unga na vikombe vya kupimia, wiki mbili akapata 3. Hakuna asilimia ingeniambia vile.

Ubaya: mtoto si mjinga. Alipojua jaribio linarudiwa, akawa hajiandai kwa la kwanza. Na alipoona kazi ya nyumbani haina alama, begi likawa linalala kwenye gari. Wazazi walilalamika, kwa sababu sekondari ya juu huku bado inatumia herufi na GPA, na watoto walikuwa wanafika kule hawajazoea. Baada ya miaka miwili shule ikarudisha herufi, ikabakisha ile mistari ya ujuzi chini yake. Huo mchanganyiko ndio nilioupenda kuliko yote.

Kitu kingine cha kuulizia: sifuri. Mtoto akikosa kazi moja anapewa nini? Chukua 80, 80, 80 na 0, wastani ni 60. Kwa shule nyingi huku ndiyo vita kubwa, wengine wameweka 50 kuwa alama ya chini kabisa ili kosa moja lisizike muhula mzima, na walimu wengine wanaona ni kumzawadia asiyefanya kitu. Mimi mpaka leo sijaamua niko upande gani. Inategemea siku hiyo mwanangu amenikera kiasi gani.

Kaptula_ya_Kaki (Jumatano, saa 12:50 asubuhi)

Sifuri ni sifuri. Hakulima, hakuvuna.

Shangazi_Mtwapa (Jumatano, saa 2:10 asubuhi)

Na akiwa mgonjwa, mzee? Au mradi umehitaji manila na gundi na nyumbani hakuna hata hela ya mafuta ya taa? Mpwa wangu aliambiwa atengeneze sanamu ya kutishia ndege. Aliyeitengeneza ni mimi, na nilipata EE. Mkinionyesha ripoti ya C yenye sentensi tatu nzuri kuhusu ile sanamu, mjue zinanihusu mimi.

Mwl_Hesabu_Makueni (Jumatano, saa 3:25 usiku)

Shangazi, hongera kwa EE yako.

Nimekaa kimya kuhusu C kwa sababu moyoni ndiyo niipendayo, na najua haitafanyika. Nina wanafunzi 164 wa Hisabati, Gredi ya 7, 8 na 9. Sentensi tatu za kweli kwa mtoto mmoja, nikifungua daftari lake kwanza, ni dakika nne nikiharakisha. Hiyo ni dakika 656, karibu saa 11, kwa somo moja. Na sifundishi moja. Nimesomea Hisabati na Fizikia ila nafundisha pia Kilimo kwa sababu hatuna mwalimu wake. Kitakachotokea ni “Anajitahidi, aongeze bidii” kwa watoto 120, na “Kazi safi” kwa waliobaki. Nimeshafanya hivyo. Sijivunii.

Kwa hiyo, Mama Neema, usiulize tu ipi ni nzuri. Uliza itaandikwa na nani, usiku gani, kwa masomo mangapi. Kama mnataka C, ombeni iwe ya masomo machache, na ombeni sentensi moja yenye umbo maalumu: anaweza nini, bado hawezi nini. “Anajumlisha sehemu zenye asili moja, bado anakwama asili zikitofautiana.” (Asili ni ile namba ya chini.) Hiyo naiandika kwa dakika moja kwa sababu nilishaiona kwenye kazi yake.

Otieno_wa_Ahero (Jumatano, saa 3:40 usiku)

Sasa hapo nakupa EE1.

MamaNeema_Voi (Jumapili, saa 10:15 jioni)

Nimerudi na habari. Mkutano ulianza saa nne badala ya saa tatu, na saa nzima ya kwanza ilikuwa mahindi ya uji. Kwenye ripoti, wazee wengi walikuwa A, akina mama wa soko walikuwa C kwa sababu hawataki mtoto aitwe wa mwisho, na mwalimu mkuu alikuwa B ingawa alijifanya hana upande.

Nilisimama nikawasomea ile ya 666 na 539. Kimya kikatanda. Mzee mmoja akaomba nirudie, mwingine akaandika kwenye kiganja. Baada ya hapo kura ya A, B na C ikasahaulika, tukaanza kupanga upya: viwango vinane na pointi, lakini alama yenyewe iandikwe kwenye mabano kando ya kiwango, ili ME1 ya 58 isifanane na ya 74. Sentensi moja ya “anaweza / bado hawezi” kwa Hisabati, Kiingereza na Kiswahili tu, muhula huu tuone. Namba haitaandikwa, ila mzazi akitaka kuijua amuulize mwalimu wa darasa ana kwa ana. Swali la @Baba_Gredi10 kuhusu tathmini za KNEC lilijibiwa na “tutalifuatilia”. Limeandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, nilihakikisha.

Neema ana 61. Nilimuuliza mwalimu wake pale pale mlangoni. Anakwama kwenye sehemu.

Kaptula_ya_Kaki (Jumapili, saa 10:40 jioni)

Na namba uliuliza?

MamaNeema_Voi (Jumapili, saa 10:43 jioni)

Wa 17. Usimwambie mtu.

Shangazi_Mtwapa (Jumapili, saa 11:05 jioni)

Mwl_Hesabu, tuwekee hapa mfano wa hizo sentensi kwa Gredi ya 7, kumi hivi, tuwapelekee na wa kwetu. Mkutano wetu ni Alhamisi.