Umewahi kutumia dawa za usingizi ukiwa unanyonyesha? Tupeane uzoefu

Habari zenu akina mama. Naanza mimi.

Mwanangu alikuwa na wiki tatu. Nilikuwa sipati usingizi hata yeye akilala, moyo unanienda mbio usiku kucha. Nikaandikiwa diazepamu, kidonge kimoja kila usiku. Sikuulizwa kama nanyonyesha, nami sikusema. Siku tatu za kwanza nilishukuru: mimi nalala, mtoto analala. Siku ya nne usingizi wake ukanitia wasiwasi. Nikimpa titi anavuta mara mbili anaachia, maziwa yanamtiririka shavuni. Nikamvua nguo, nikamsugua nyayo kwa kitambaa kibichi. Akafumbua jicho moja, akalifumba. Nepi ya asubuhi ilikuwa kavu mpaka mchana. Nikambeba mbio hospitali.

Nikaelezwa kwamba diazepamu hukaa mwilini siku kadhaa, na ini la kichanga bado changa. Kumbe kila usiku nilikuwa namwongezea juu ya ile ya jana! Nikabadilishiwa lorazepamu, dozi ndogo, ambayo huisha mwilini mapema zaidi na huingia kidogo kwenye maziwa. Baada ya siku chache mtoto akaamka mwenyewe akililia titi. Nililia naye.

Nani mwingine?

MamaWawili: Mimi nilichomwa midazolamu, sindano ya kusinzisha, kwa ajili ya kipimo cha kamera tumboni. Nesi akasema nimwage maziwa ya siku nzima. Nimeshamwaga chupa mbili, daktari wa usingizi akaja kuniambia dozi moja hupita haraka, nikishakuwa macho kabisa na naweza kumshika mtoto, ninyonyeshe. Wangu alikuwa na miezi minane. Alinyonya jioni ile ile, salama. Zile chupa mbili zinaniuma hadi leo.

Mkunga_Mstaafu: Wanangu, msiangalie za usingizi peke yake. Dawa za mafua na mzio kama klorofeniramini na promethazini nazo humlegeza mtoto, na zinaweza kupunguza maziwa. Halafu kodeini, dawa ya maumivu, hata iliyo kwenye dawa ya kikohozi: mwaka 2017 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilionya anayenyonyesha asitumie kodeini wala tramadoli, nayo ya maumivu. Kuna watu ambao miili yao hugeuza kodeini kuwa mofini, dawa kali zaidi, kwa kasi mno, na mofini hiyo hupita kwenye maziwa. Mtoto akilegea, akipumua kwa shida au akashindwa kuamka anyonye, usingoje kukuche.

Mama T: Mimi nilimeza kidonge nikalala naye kitandani. Baba yake ndiye aliyemtoa chini ya mkono wangu. Mimi sikusikia lolote. Tangu hapo mtoto analala kitanda chake, na baba ndiye wa zamu.

Mgeni_hapa: Natumia diazepamu mwezi wa nne sasa. Baada ya kusoma haya naacha leo.

Mama T: Usiache ghafla, mdogo wangu. Mimi niliacha kwa siku moja, nikatetemeka mikono, usingizi ukakata kabisa. Daktari akanirudisha, akanipunguzia kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kesho asubuhi nenda na pakiti ya dawa mkononi na mtoto mgongoni, umtajie daktari na umri wa mtoto. Ananyonya vizuri?

Mgeni_hapa: Ananyonya, ila analala sana. Tunakwenda sasa hivi.