Sidiria na taiti za mazoezi: napataje saizi inayonikaa sawasawa?

Binti wa Ujiji

Asalaam aleikum dada zangu na mama zangu, na wengine wote habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Ujiji, Kigoma. Tangu mvua zikatike, mimi na majirani tunatoka baada ya swala ya alfajiri, tunashika barabara ya lami kuelekea Mwanga. Pengine tunatembea, pengine tunakimbia. Mazoezi nayapenda sana, sukari iko kwenye ukoo wetu na sitaki kuisubiri nimekaa. Kinachonisumbua ni nguo.

Nina miaka 37, nimenyonyesha watoto watatu, na kifua changu ni kikubwa kuliko mwili wenyewe. Sidiria ya mazoezi niliyonunua dukani imeandikwa XL. Kuivaa ni mpaka mtu anivutie mgongoni. Ikishakaa inanibana hadi nikipanda kilima pumzi haitoshi, na bado matiti yanaruka. Yamekandamizwa pamoja katikati, jasho linakusanyika hapo, ngozi inawasha hadi jioni. Mabegani nina alama za mikanda. Nikajaribu XXL, pumzi ikapatikana, lakini mkanda wa nyuma ukawa unapanda mgongoni kila nikiinua mikono.

Taiti nazo zina mambo yake. Ninayokimbilia inashuka kiunoni, mkono mmoja unakimbia na mwingine unavuta nguo. Nyingine haishuki, ila jirani yangu kaniambia nikiinama kufunga kamba za raba nguo ya ndani inaonekana. Mimi navaa stara: tisheti ndefu juu, na mtandio. Lakini upepo wa ziwa hauombi ruhusa kupandisha tisheti, nataka taiti yenyewe initosheleze.

Wauzaji jibu lao ni moja, "hiyo inavutika, utaizoea". Naomba mnieleze, saizi ya kweli inajulikanaje? Na nitafute dukani, mtumbani, au nishonewe?

---

Mama Cherehani, Mwanga

Waaleikum salaam mwanangu. Mimi ni fundi, cherehani yangu iko hapa Mwanga, na kina mama wananiletea sidiria za kupunguza, kuongeza, kubadilisha lastiki. Nimezifumua nyingi, najua kilichomo ndani.

Kwenye sidiria, hizo S, M, L na XL ziache kabisa. Herufi moja inataka kusema vitu viwili kwa mpigo: mzunguko wa mbavu, na ukubwa wa titi lenyewe. Mwenye mbavu nyembamba na matiti makubwa, na mwenye mbavu pana na matiti madogo, wote wawili muuzaji atawapa XL, na hakuna hata mmoja atakayekaa vizuri. Nikikusikiliza, naona wewe ni wa kundi la kwanza.

Chukua futi ya fundi, ile laini. Vaa sidiria ya kawaida isiyo na sponji, kwa sababu baada ya kunyonyesha titi linalala na kipimo kinadanganya. Zungusha futi chini ya matiti, pale pale mkanda unapokaa, mbele na mgongoni iwe usawa mmoja. Kaza, toa pumzi, soma sentimita. Halafu pima penye kilele cha matiti, hapo usikaze, futi iguse tu. Niletee hizo namba mbili.

Wakati unatafuta futi, nikuambie jambo ambalo natamani kila msichana angefundishwa siku anayonunuliwa sidiria ya kwanza. Mzigo wa matiti unabebwa na mkanda wa chini. Mikanda ya mabegani inasaidia tu. Ukiona mabega yana alama, ujue mkanda wa chini hautimizi kazi yake, au kikombe, ule mfuko wa kuwekea titi, ni kidogo na titi linaning'inia begani. XXL yako ilipanda mgongoni kwa sababu mkanda ulikuwa mpana kuliko mbavu zako, na uzito wa mbele ukauvuta. XL nayo ilikunyima pumzi kwa sababu kikombe hakikutosha, matiti yakaazima nafasi kwenye mkanda. Nguo zote mbili zilikuwa zinakupa habari hiyo hiyo.

Jambo la pili ni aina. Zipo za kukandamiza, kitambaa kimoja kinachosukuma matiti kifuani kama bandeji. Hizo zinawafaa wenye matiti madogo. Zipo pia zenye vikombe viwili, kila titi na nafasi yake, katikati kitambaa kinagusa mfupa wa kifua. Kwa kifua kikubwa tafuta hizi za pili, hata huo muwasho wa katikati utapungua, maana ngozi haisuguani na ngozi. Ukikimbia titi haliendi juu na chini peke yake, linakwenda pembeni, na mbele na nyuma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, wamelipima miaka mingi na wanasema linachora kitu cha umbo la namba 8. Kukandamiza kutoka mbele tu hakuwezi kuzuia mwendo wa namna hiyo.

Ukishaivaa usiridhike na kioo. Inua mikono juu, mkanda usisogee. Ingiza vidole viwili chini ya mkanda, viingie lakini visicheze. Vuta pumzi ya kukimbia, ile ya kujaza mbavu. Kisha ruka hapo hapo dukani. Muuzaji akikutazama vibaya, mwache atazame. Sidiria ya kwanza ya kukimbilia ilishonwa Vermont, Marekani, mwaka 1977, na wanawake watatu: Lisa Lindahl aliyekuwa mkimbiaji, Polly Smith mshonaji wa mavazi ya jukwaani, na Hinda Miller. Waliunganisha chupi mbili za kujikinga za wanamichezo wa kiume, mmoja akaivaa akakimbia nayo ili waone kama inashika. Nalitaja hili kwa fahari ya kazi yangu: ilianzia kwenye cherehani, na ilipimwa kwa mbio.

---

Kocha wa Isevya, Tabora

Salamu kutoka Tabora. Mama kamaliza sidiria, mimi nishike taiti, maana nafundisha netiboli wasichana wa sekondari na nimeona taiti za kila namna zikishuka katikati ya mchezo.

Dada, taiti inashuka kwa sababu mbalimbali, na dawa zake hazifanani. Kama una nyonga pana na kiuno chembamba, iliyokutosha nyonga itaacha pengo kiunoni. Tafuta yenye mkanda mpana unaofika kitovuni, na ndani yake kamba ya kufunga. Lakini kuna nyingine inashuka kwa kuwa ni ndogo, na hapa wengi wanakwenda kununua ndogo zaidi. Kitambaa kikiwa kimevutwa mno na nyonga na mapaja, kinatafuta pa kupumzikia, kinateremka. Angalia pia makutano ya miguu: unapoivaa, yafike juu kabisa mpaka mwilini. Yakibaki chini hata vidole viwili, kila hatua inaivuta. Nzuri huwa na kipande kidogo cha pembe nne kilichoshonewa hapo katikati, mishono isikutane yote mahali pamoja. Kipande hicho kinazuia kuchanika, na kinapunguza kuchubuka.

Kuhusu kuonekana, usijaribu umesimama. Chuchumaa, mgongo uelekee mlangoni penye mwanga wa nje, rafiki atazame. Kama ni sokoni hakuna pa kuvalia, ingiza ngumi ndani ya taiti sehemu ya makalio, uvute. Ukiweza kuhesabu vidole vyako, rudisha. Halafu nyosha kitambaa na ukiachie: kikirudi hapo hapo kina likra, zile nyuzi za kuvutika, ya kutosha, kikibaki na mawimbi, magoti yatatoka mifuko baada ya kufua mara chache. Nailoni yenye likra inashika mwili na kukauka upesi. Pamba tupu inakunywa jasho na kuwa nzito, na uzito nao unashusha. Na rangi ya kijivu iliyofifia, hata kama kitambaa ni kizito, jasho linaichora, chagua nyeusi au buluu ya usiku.

Kwa stara, tisheti ndefu ipasuliwe pembeni kidogo, la sivyo itabana hatua. Mtandio uwe wa kushonwa, wa kuvaa moja kwa moja kichwani, kitambaa chepesi cha kuvutika, bila pini shingoni. Mabinti zangu wanaovaa hijabu niliwahi kuwaona wakiwekwa pembeni kwenye mashindano kwa sababu ya mavazi, na iliniuma sana. FIFA wa mpira wa miguu waliruhusu hijabu uwanjani mwaka 2014, FIBA wa mpira wa kikapu wakafuata mwaka 2017. Mwanamke asiache mazoezi kwa sababu ya mtandio.

---

Binti wa Ujiji

Shikamoo mama, na ahsante sana kocha. Nimepima kama ulivyosema, mume wangu ndiye aliyeshika futi mgongoni. Chini ya matiti ni sentimita 86, kwenye kilele 105. Sasa namba hizi nazigeuzaje kuwa saizi?

---

Mama Cherehani, Mwanga

Marahaba mwanangu, umefanya vizuri.

Chini ni 86, mkanda wako ni 85 kwa namba za Ulaya, maana zinakwenda kwa hatua za tano: 75, 80, 85. Tofauti ya juu na chini ni 19. Kwa Ulaya, tofauti ya 14 hadi 16 ni kikombe B, 16 hadi 18 ni C, 18 hadi 20 ni D. Wewe ni 85D. Iliyotoka Uingereza au Marekani itaandikwa 38D. Ya Ufaransa au Hispania itaandikwa 100D, usiogope ukubwa wa namba, ni ile ile. Kwenye mtumba utakutana nazo zote kwenye belo moja, na lebo nyingine zina namba za nchi zote kwa mstari.

Usipoipata kamili, kuna jirani zake. Kikombe kizuri lakini mkanda unabana: chukua mkanda mkubwa na kikombe cha herufi moja nyuma, yaani 90C, au 40C kwa Waingereza. Mkanda umelegea: rudi 80E, ambayo Waingereza huiandika 36DD. Nafasi ya titi inabaki karibu sawa.

Kama ni mpya, ijaribu kwenye kishikizo cha mwisho, kile cha nje kabisa. Lastiki italegea kwa kuvaliwa, ndipo uingie vishikizo vya ndani. Ukianza na cha ndani huna pa kwenda.

Dukani, mtumbani au kushonesha? Nakujibu kinyume na faida yangu. Sidiria ya kukimbilia kwa kifua chako usinishoneshe mimi, vitambaa vyake visivyovutika vya ndani ya vikombe sivioni huku. Mtumba wa gredi ya kwanza una sidiria za mazoezi nzuri ambazo hazijavaliwa sana. Ila kabla ya kulipa, uvute mkanda karibu na sikio. Ukisikia kitu kinakatika-katika kama mchanga, lastiki imekufa, iache hata ikiwa bei ni ya bure. Taiti ndiyo nashona, nina ovaloki na sindano ya vitambaa vya kuvutika. Kwa aliye na kiuno na nyonga zisizolingana, kama ulivyo wewe nadhani, ya kushonwa inashinda ya dukani.

---

Mwanakatonga

Naongeza la kufua tu. Likra inauawa na joto na jiki. Maji ya baridi, sabuni kidogo, hakuna jiki, hakuna pasi, anika kivulini. Wengine tunaanika juu ya mabati saa saba mchana halafu tunalaumu nguo. Na kwa michubuko ya mapajani, paka Vaselini kidogo kabla ya kutoka. Mafuta ya mise, yale ya kokwa za michikichi, ni mazuri kwa ngozi lakini yanaacha doa kwenye taiti, mimi nayapaka jioni.

---

Binti wa Ujiji

Mungu awabariki. Jumamosi nashuka Mwanga sokoni na hizi namba nimeziandika kwenye karatasi. Mama, nikiikuta 85D nzuri lakini mgongoni imechakaa, ninunue?

---

Mama Cherehani, Mwanga

Angalia kilichochakaa. Vikombe vikiwa vimelegea au kitambaa cha katikati kimetanuka, iache. Mkanda ukiwa mzima na vishikizo ndivyo vimeng'oka, ichukue. Vishikizo navibadilisha siku hiyo hiyo, na kama mkanda umezidi kidogo naupunguza pembeni huku umeivaa. Njoo asubuhi kabla wateja wa sare za shule hawajajaa, tupate nafasi ya wewe kuruka.