Tupeane uzoefu: vigari vifupi vya mbio na shokapu zinazodumu, Nyanda za Juu Kusini

Spana_Mwanjelwa
Kamwene wakuu. Kuna ndugu kauliza kama Suzuki Swift Sport inahimili Uyole hadi Mbalizi, hapa Mbeya, kila siku. Inahimili, ila ajue anachonunua. Toleo la ZC31S, lile lililoanza 2005, ina injini M16A ya 1.6, farasi 125, inatumia cheni na siyo mkanda, na nyuma ina bimu moja isiyo na bushi nyingi za kuchoka. Tatizo lake ni tairi. Inakuja na 195/50R16, ukuta wa raba milimita 97 hivi. Weka 195/55R16 upate karibu sentimita moja ya kwenda juu, rimu ipone mashimoni. Spidomita itasoma pungufu kama asilimia 3, basi. Toleo lililofuata, ZC32S, ni tamu zaidi barabarani lakini inakuja na rimu 17 na tairi 195/45. Kwa michepuko ya ujenzi hapa mjini, hiyo ni kununua rimu kila msimu wa mvua.

Runx_Makambako
Mnaipita Toyota Runx Z kama hamjaiona? Injini 2ZZ, 1.8, farasi 190, gia sita. Vipuri vya chini vya Corolla vimejaa kila duka.

Dada_Katumba
Kaka, sema na upande wa pili. Nguvu ya 2ZZ iko juu ya mizunguko 6,000 kwa dakika. Kabla hujalipa, ipashe moto, ikanyage gia ya pili. Ikipita 6,000 bila kubadilisha mlio wala kuvuta, kuna uwezekano bolti mbili za kwenye rokaamu (mikono inayosukuma valvu) zimelika. Fungua kava la juu uzitazame, na pima oili, maana oili ikishuka mfumo huo haufanyi kazi.
Na urefu wa kwetu usisahaulike. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari. Injini isiyo na tabo (feni inayosukumia injini hewa) inapoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kila mita 100. Farasi 125 hapa wanakuwa kama 105. Ndiyo maana Swift ZC33S ya 1.4 tabo inapanda Mlima Nyoka kwa raha kuliko namba yake ya farasi 140 inavyoonyesha.

Tukuyu_Mvua
Hapo kwenye tabo naunga mkono kabisa.

Iyunga_Chini
Turudi kwenye shokapu. Weka koilova, zile shokapu zenye springi na nyuzi za kurekebisha urefu, unashusha, unabana, gari linashika kona. Mjadala umeisha.

Spana_Mwanjelwa
Haujaisha. Nyuzi za koilova zinakula matope na kutu, baada ya mvua mbili pete haizunguki tena, na nyingi za bei ya chini zina safari fupi ya kucheza juu chini. Gari la kila siku libaki na springi za kiwandani.

Iyunga_Chini
Koilova za Tein Flex Z nazo za bei ya chini? Paka grisi kwenye nyuzi, funika, zinazunguka.

Spana_Mwanjelwa
Tein hao hao wana shokapu ya EnduraPro, inakaa kwenye springi ya kiwandani na ndani ina kizuizi cha oili kinachopokea kishindo shokapu inapofika mwisho. Hiyo ndiyo ya mashimo.

Ipogolo_Gereji
Acheni ubishi, someni hii kwanza. Runx imeletwa hapa kwa kamba kutoka mlima Kitonga. Springi za mbele zimekatwa kwa grainda, mzunguko mmoja na nusu, ili gari likae chini. Springi ikikatwa inakuwa fupi kuliko nafasi yake. Gari likiwa limesimama inabanwa na uzito, huoni kitu. Tairi likining'inia, labda ukingo wa lami umekatika au umeruka tuta, springi inalegea na kutoka kwenye kikalio. Tairi likirudi juu, ncha iliyokatwa haikai mahali pake. Kwenye gari hizi kikalio cha chini kiko sentimita chache tu kutoka kwenye tairi. Ncha ile ilichana ukuta wa tairi la kushoto mwanzo hadi mwisho, kwenye mteremko, lori nyuma. Dereva aliliegemeza gari kwenye ukingo wa mlima, yuko salama. Upande wa pili ni korongo.
Shokapu zote mbili za mbele zilikuwa zimevuja, kwa sababu zilikuwa zinagonga mwisho kila shimo.

Tukuyu_Mvua
Mungu mkubwa. Na kuna mafundi wanakata hadi leo.

Runx_Makambako
Basi shokapu za mtumba wa Japani zinatosha? Ni nusu bei.

Dada_Katumba
Mtumba hujui umebakiza nini. Chukua mpya: KYB Excel-G kwa anayetaka utulivu wa kiwandani, Bilstein B6 kwa anayetaka ugumu bila kushusha. B8 ni za gari lililoshushwa, usizichanganye.
Ila nyingi hufia kwenye ufungaji. Shokapu ya mirija miwili isimamishe wima, ishindilie juu chini mara nne au tano kabla ya kufunga, hewa itoke. Fimbo usiishike kwa praizi: mkwaruzo mmoja unachana sili, oili inaanza kutoka. Badilisha mauntingi (kikalio cha juu cha shokapu), kava la vumbi na raba ya ndani pamoja, na ubadilishe pande zote mbili. Bolti za bushi zikazwe gari likiwa limekalia tairi zake. Ukizikaza tairi zikining'inia, raba inabaki imejikunja na inachanika mapema. Halafu wili alaimenti (kupanga pembe za tairi), kwa sababu bolti mbili za chini ya shokapu zina nafasi ya kucheza na pembe ya tairi inahama.

Iyunga_Chini
Hapo kwenye bushi sina ubishi, dada. Koilova bado natetea.

Runx_Makambako
Ndaga fijo, asante sana. Nati za tairi nikaze kiasi gani?

Ipogolo_Gereji
Runx ni Nm 103, kwa spana ya kipimo, siyo kwa kusimama juu ya spana. Zirudie baada ya kilomita 100.