Mrejesho: kufungua programu kwa kibodi bila kuhangaika na mausi

Wakuu habari za baridi, huku Mbeya tunatetemeka. Niliuliza namna ya kufungua programu haraka kwenye kompyuta ya steshenari yangu Mwanjelwa, maana wateja wanapanga foleni na mi bado natafuta ikoni ya Excel kwenye desktopu iliyojaa mafaili ya watu. Basi yule aliyesema niweke PowerToys, programu ya nyongeza ya Microsoft kwa Windows, ubarikiwe sana, ni ya bure kabisa, ndani yake unawasha PowerToys Run, nabonyeza Alt na Space kinatokea kiboksi, naandika "ex" napiga Enter, Excel hiyo hapo. Kilichonikosha zaidi ni hesabu aisee, mteja akitaka kopi 37 za mia mia na kulamineti 2 za 1500 naandika humohumo 37*100+2*1500 jibu 6700, kikokotoo sifungui tena. Flow Launcher, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, nayo nzuri, ila zote zinakuja na Alt na Space kwahiyo ukiziweka pamoja nenda setingi ubadilishe mojawapo. Usipotaka kuweka kitu, bonyeza kitufe cha Windows uanze kuandika jina, inafungua pia. Dogo anayenisaidia bado anang'ang'ania mausi, huyo nimemwachia fotokopi.