Wakuu nipo Dodoma, naunda kompyuta ya kwanza kwa hela ya kubana, naomba mwongozo

Mtoto wa Nzuguni
Habari zenu wakuu. Naombeni mawazo yenu maana hata usingizi siupati vizuri. Nataka kuunda kompyuta ya mezani mwenyewe, kifaa kimoja kimoja, sijawahi kufanya hii kitu ila video nimeangalia nyingi. Bajeti laki tisa, monita ninayo. Matumizi ya kawaida tu ya nyumbani. Swali langu dogo sana, nichukue kadi ya grafiksi (ya kutoa picha) GTX 1650 au RX 580? Zote mtumba, bei zinapishana kidogo. Jibuni haraka kuna mtu Kariakoo ananisubiri.

Baba Shukrani
Laki tisa ya nini mdogo wangu. Nunua Dell OptiPlex ya mtumba, chenji peleka familia ikale nyama choma. Ya kwangu yenye prosesa ya Intel i5 kizazi cha tatu ipo tangu 2017, inapiga kazi, watoto wanaangalia katuni, mama yao anachapa ripoti za kikundi, mimi naangalia mpira, hakuna aliyewahi kulalamika.

Fundi Nkuhungu
Baba Shukrani heshima yako, ila hiyo mashine Windows 11 haiipokei, kwa Intel inataka kuanzia kizazi cha nane, na Windows 10 wenyewe Microsoft walishaacha kuihudumia tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Mleta uzi, kama matumizi ni ya kawaida kadi ya nini? Chukua prosesa ya Ryzen 5 5600G, grafiksi zipo ndani ya prosesa yenyewe, madabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) B450 au B550, SSD ya GB 500 ya kuhifadhia mafaili, na RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, weka mbili za GB 8, usiweke moja ya 16, kwa sababu grafiksi za ndani zinakula kwenye RAM hiyo hiyo, zikiwa mbili data zinapita njia mbili na utaona tofauti kabisa. Kadi utaongeza ukijaliwa.

Mtoto wa Nzuguni
Asante fundi ila Ryzen hapana, nasikia zinachemka na kiangazi cha huku mnakijua. Turudi kwenye swali, 1650 au 580?

Fundi Nkuhungu
Hiyo 5600G ni ya wati 65, inachemka wapi. Wewe una prosesa tayari. Taja.

Mtoto wa Nzuguni
Sio kwamba nilificha. Ninayo i3-12100F na madabodi H610, nilichukua wiki iliyopita pamoja na keisi yenye pawa saplai yake. Jamaa alinifanyia bei ya kishkaji, na ningeanza na hilo mngenishambulia. Kwenye laki tisa imebaki laki tatu. RAM natoa kwenye laptop ya waifu iliyokufa kioo.

Dada wa Area C
Kwa hiyo laki tisa ilikuwa ya kutupima akili 😂

Fundi Nkuhungu
Haya sasa tunaongea. Hiyo F mwishoni maana yake prosesa haina grafiksi. HDMI ya kwenye madabodi utachomeka mpaka Krismasi, kioo cheusi. Ndio maana unaitafuta kadi kwa udi na uvumba. Prosesa yenyewe sio mbaya, i3 ile ina kori nne na nyuzi nane, kwa bei yake sina neno nayo. RAM ya laptop haiingii hapo, ni fupi, nafasi yake nyingine kabisa. Kabla hujanunua nyingine soma kwenye bodi kama ni DDR4 au DDR5, H610 zipo za aina zote mbili na hazibadilishani.

Kadi: chukua 1650. Nyingi zinavuta umeme kwenye bodi tu, wati 75, hazidai waya wa umeme wa pembeni. RX 580 inaenda mpaka wati 185 na inataka waya wa pini nane, na hiyo pawa saplai ya bure iliyokuja na keisi, ile nyepesi unainua kwa kidole, mimi siiamini. Halafu 580 nyingi za mtumba zilishachimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana.

Mtoto wa Nzuguni
Nakuelewa ila 580 ina GB 8 na 1650 ina GB 4. Na yule wa Kariakoo nimeshamtumia elfu hamsini ya kuishikilia.

Mama Kibaigwa
Jamani huyu kijana 🤦🏾‍♀️ Na mimi niulize, matumizi ya kawaida ya nyumbani ndio yanataka GB 8 za picha? Wangu alipoenda chuo alisema hivyo hivyo, mama ni ya kusomea tu, nikauza magunia ya alizeti nikamnunulia, likizo anarudi namsikia saa nane usiku anapiga kelele "piga huyo, piga huyo", nikatoka na mchi nikijua tumevamiwa.

Mtoto wa Nzuguni
Mama shikamoo. Ni biashara kidogo. Kuna fremu karibu na hosteli za wanafunzi, nataka nianze na mashine moja ya gemu za mpira, wanalipia kwa mechi. Waifu anajua ni ya kuchapia barua na kutoa kopi.

Baba Shukrani
Hapo nimeshindwa kunyamaza. Unawapotezea muda watoto wa watu waliotumwa kusoma, na nyumbani umeanza na uongo. Riziki ya hivyo haikai.

Dada wa Area C
Wanafunzi wa chuo sio watoto, watacheza kwako au kwa mwingine. Ila waifu akigundua usituletee uzi wa pili.

Kipanga Mweusi
Nimekaa pembeni nasoma. Hii ni CHAI. Laki tisa imekuwa laki tatu, nyumbani imekuwa fremu, kila akibanwa hadithi inaota mkia. Huyu ni dalali wa kadi, anataka mumtajie ipi ina soko apandishe bei. Nani ananunua prosesa kabla ya kujua inatoa picha au haitoi?

Baba Shukrani
Ndio maana hata mimi nilihisi harufu ya tangawizi.

Dada wa Area C
Mnakumbuka yule wa kiwanja cha kule Mtumba, watu walimwandikia mpaka hati ya mauziano kumbe yupo zake ughaibuni anacheka tu.

Mtoto wa Nzuguni
Nimedhalilika vya kutosha. Picha hii hapa, madabodi, prosesa, na karatasi nimeandika jina langu la humu na tarehe ya leo. Mwenye kusema chai aje anywe.

Kipanga Mweusi
Ok nimeona karatasi, samahani. Ila hebu kuza picha kwenye soketi, pale prosesa inapokaa, kona ya kulia chini. Hizo pini zimelala au ni macho yangu?

Fundi Nkuhungu
Sio macho yako. Intel hizi pini zipo kwenye bodi, hazipo kwenye prosesa kama Ryzen za soketi ya AM4. Naona kama tatu zimelala. Kile kifuniko cheusi cha plastiki kinachokaa juu ya soketi kiko wapi?

Mtoto wa Nzuguni
Nilipewa hivyo hivyo bila kifuniko. Prosesa sijawahi kuiweka naapa.

Kipanga Mweusi
Mrudishie leo leo.

Fundi Nkuhungu
Atasema umezikunja wewe, huna ushahidi. Usiweke prosesa, usiguse kwa kidole. Funga bodi kwenye boksi lake, njoo Nkuhungu, nina lenzi ya kutengenezea simu, tuone kama zinanyooka. Zikigoma ndio tumfuate wote wawili. Na Kariakoo piga simu sasa hivi, mwambie ile hamsini aihamishie kwenye 1650.

Mtoto wa Nzuguni
Amekubali ila anataka niongeze elfu kumi ya usumbufu. Nipo kwenye boda naja.

Dada wa Area C
Barua na kopi hizo 😂😂

Mama Kibaigwa
Mwacheni. Mwanangu boksi lipakate, usilifunge nyuma ya boda.

Fundi Nkuhungu
Amefika. Pini mbili zimesimama, ya tatu inagoma. Mpigieni simu atoke nje kuongea, anatetemesha meza.